Sekunde Kumi na Mbili za Denis

Maneno yalitoka Gulwe kabla mwili haujafika chumba cha maiti. Yalisema Emilia alisimama ng'ambo ya reli, ameinua mkono, anahesabu kwa sauti huku treni inamjia mwanawe. Wengine wakaongeza kwamba kila namba aliifuatishia mtama: moja mtama, mbili mtama, tatu mtama, kama mtu anayetoa kafara. Sajenti Loisi Mazengo aliyasikia kwa mama wa chai, akayasikia tena kwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Aliyapuuza, lakini yalikaa naye jikoni, yakakaa naye njiani, na Alhamisi asubuhi, kituoni Mpwapwa, aliyakuta juu ya meza ya bosi wake, yameandikwa kwa kalamu ya bluu, yana sahihi za mashahidi.

"Soma mwenyewe," alisema Mkaguzi Geofrey. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa kukosa usingizi. "Mashahidi watatu. Wote wanasema alihesabu."

"Nimesoma, afande."

"Basi kesho saa mbili anakwenda mahakamani. Kuua kwa kukusudia."

Loisi alikaa bila kuambiwa akae. Miguu ilikuwa imevimba tangu Jumanne, siku mtoto alipokufa, siku aliyotembea kwenye kokoto za reli toka mchana mpaka jua likashuka.

"Kuhesabu siyo kuua, afande."

"Mimi sishtaki kuhesabu." Mkaguzi alivuta kadi ya njano kutoka kwenye faili. Ilikuwa kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa. "Ninashtaki kwa hii. Denis, miaka tisa, mtindio wa ubongo, upande wa kulia umekaza. Kituo cha Hatua, Ihumwa. Tazama mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho ulisema: *Julai. Mita 10, sekunde 12. Ameruhusiwa. Avuke mwenyewe.*

"Wewe ndiye uliyepima pale kivukoni," Mkaguzi aliendelea. "Nguzo hii mpaka nguzo ile, ngapi?"

"Mita kumi."

"Dereva wa treni anasema alimwona mtoto anapita nguzo ya kwanza. Toka pale alipokuwa dereva mpaka kivukoni, kwa mwendo ule, sekunde ngapi?"

"Kumi na nne."

"Mtoto anamaliza mita kumi kwa sekunde kumi na mbili. Treni inafika kwa kumi na nne. Alikuwa na sekunde mbili za akiba, Loisi. Angekuwa ameshavuka, yuko kwenye nyasi anapangusa viatu. Kwa nini alikuwa bado ndani? Kuna mtu alimsimamisha. Na aliyekuwa mbele yake ameinua mkono ni mmoja tu."

Loisi aliitazama kadi. Hesabu ilikuwa safi. Hapo ndipo alipochoka zaidi, maana mtu hawezi kubishana na hesabu safi kwa kusema moyo unakataa.

"Nipe leo," alisema.

"Leo ya nini?"

"Nikatazame waliompima."

Mkaguzi alipiga miayo mirefu. "Saa kumi na moja jioni uwe hapa. Ukichelewa naandika bila wewe."

*

Emilia alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kanga moja amejifunga, nyingine ameikunja mapajani kama mtoto mchanga. Hakuwa analia. Alikuwa amemaliza.

"Mama Denis," alisema Loisi. "Pole."

"Asante, afande."

"Nitakuuliza yale yale. Usinichoke."

"Uliza tu. Mimi nakwenda wapi?"

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Kwa nini mtama?"

Emilia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Si ndivyo tulivyofundishwa? Sisi hatuna saa za sekunde. Kule Hatua walituambia ukisema moja mtama, mbili mtama, bila kukimbia, bila kuvuta, kila moja ni sekunde. Akina mama wote wanahesabu hivyo. Nenda kawaulize. Mtoto anatembea toka mlangoni mpaka jikoni, mama anahesabu mtama, jioni unaandika."

"Na siku ile ulikuwa unapima? Pale relini?"

"Kila mahali nilikuwa napima. Walisema ndiyo dawa yake."

"Kwa nini hukumshika mkono?"

"Walinikataza." Sauti haikupanda. "Walisema nikimshika namharibu, mguu unakuwa mvivu. Wakanisomea kadi. Mama Denis, mwanao anavuka barabara yoyote mwenyewe, mwache. Mimi nilikuwa na ndoo kichwani. Nikavuka kwanza. Nikageuka, nikainua mkono."

"Mkono wa kumwambia simama?"

"Wa kumwambia njoo."

"Treni uliiona?"

"Niliiona mbali. Ilikuwa ndogo. Nikasema, kumi na mbili tu."

Loisi aliandika. Kalamu ilikatika wino, akaitikisa, akaandika tena.

"Watu wanasema baba yake yuko Chamwino na mke mwingine. Wanasema alikuambia urudi, ila bila mtoto."

"Baba yake yuko njiani kwako ukienda kule Hatua. Muulize. Mimi nikisema utaandika kwamba nimesema."

*

Basi la asubuhi lilimshusha Chamwino kwanza. Joel, baba wa Denis, alikuwa nyuma ya nyumba ya matofali ya kuchoma, anafumua kitu kwa nyundo. Alikuwa mtu mwembamba, na hakuacha kazi mgeni alipopiga hodi.

"Shikamoo, kaka. Polisi."

"Marahaba. Nilijua mtakuja."

"Ulimwambia Emilia arudi bila mtoto?"

Joel alisimama, akapangusa jasho kwa mkono wa nyundo. "Nani kasema?"

"Gulwe nzima."

"Gulwe." Alicheka bila furaha. "Njoo uone ninachovunja."

Kilikuwa ngazi. Mlangoni kulikuwa na ngazi tatu za saruji, na kando yake mteremko mpya wa zege, laini, umechorwa mistari ya kuzuia kuteleza, una vyuma vya kushikia pande zote mbili. Vyuma vilikuwa vifupi, vimefika kiunoni mwa mtoto.

"Nilimaliza Jumamosi," alisema Joel. "Wangehamia wote wawili mwisho wa mwezi. Mke wangu wa hapa ndiye aliyenunua vyuma. Muulize, yuko sokoni. Ngazi zilikuwa zimebaki tu, leo nimeamua nizitoe. Sijui kwa nini nazitoa."

Loisi alivishika vile vyuma. Rangi ilikuwa bado inanata kidogo. Mtu aliyetaka mtoto asiwepo hamjengei mteremko. Alifuta mstari mmoja kwenye daftari, akarudi barabarani kusubiri gari, na katika kusubiri akaisoma tena kadi ya njano, safari hii yote.

Kila mwezi ulikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya goti: wanaweka kifaa cha pembe kama rula mbili zilizofungwa pamoja, wanamwambia mtoto anyooshe mguu mpaka mwisho, wanasoma goti limebaki limekunjika nyuzi ngapi. Ya pili ilikuwa mwendo.

*Februari. Goti 25. Sekunde 17.*
*Machi. Goti 25. Sekunde 16.*
*Aprili. Goti 25. Sekunde 16.*
*Mei, kituo kimefungwa, ukarabati.*
*Juni. Goti 25. Sekunde 12.*
*Julai. Goti 25. Sekunde 12.*

Alisoma kwa kidole. Goti lilikuwa pale pale miezi yote. Mwendo nao ulikaa karibu mahali pamoja mpaka Aprili, halafu ukaruka sekunde nne kwa mara moja, halafu ukakaa tena.

*

Kituo cha Hatua kilikuwa jengo refu jeupe upande wa pili wa barabara, Ihumwa, lenye bati jekundu na ua uliofagiwa. Mkuu wa kituo, Bi. Elieth, alimpokea kwa mikono miwili na soda baridi. Alikuwa na miwani ya kamba na sauti ya mtu aliyezoea kutembeza wageni.

"Tumeumia sana, afande. Denis alikuwa mtoto wetu. Ulizeni lolote."

"Nani alimpima Julai?"

"Abbasi. Mtaalamu wetu wa mazoezi. Kijana wa Kondoa, makini sana. Lakini vipimo vyote napitisha mimi."

"Sekunde kumi na sita Aprili, kumi na mbili Juni. Goti halikusogea hata nyuzi moja. Inakuwaje?"

Bi. Elieth alitabasamu kwa huruma. "Watoto, afande. Wanakwama, wanakwama, siku moja wanafunguka. Goti ni mfupa na msuli. Mwendo ni pamoja na ujasiri."

"Naomba kuona njia mnayopimia."

"Karibu."

Kilikuwa chumba kirefu, sakafu ya marumaru mpya nyeupe, madirisha makubwa. Mistari miwili myekundu ilivuka sakafu, mmoja karibu na mlango, mwingine kule mwisho chini ya dirisha. Kati yake mtoto anatembea, na mtaalamu anabonyeza saa ya sekunde.

Loisi alitoa futi ya fundi kwenye mkoba, ile ile aliyopimia reli. Akapiga magoti mstari wa kwanza. Bi. Elieth mwenyewe alimshikia ncha. Akaivuta mpaka mwisho, akainama kusoma, akasoma tena.

Mita kumi kamili. Wala haikuzidi unywele.

"Tunajitahidi," alisema Bi. Elieth, akaachia ncha, na futi ikarudi kwa kelele. "Nina kikao. Ukihitaji kitu, mzee Methusela yupo."

Saa saba na nusu. Loisi alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti karibu na kidevu, akavua viatu. Njia ilikuwa sahihi. Kadi ilikuwa sahihi. Basi la kurudi lilikuwa linapita saa nane. Alichobakiwa nacho ni kurudi na kumwambia Mkaguzi andika.

Mzee mmoja aliingia na ndoo na fagio la kudekia. Alikuwa amevaa koti la bluu lililofifia, kofia ya sufu na joto lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inua miguu, nidekie."

Loisi aliinua miguu. Mzee Methusela alideki polepole, kwa mistari iliyonyooka, na alipofika kwenye mstari mwekundu wa chini ya dirisha alisonya.

"Umekosa nini huo mstari, mzee?"

"Umekaa vibaya. Huoni?"

Loisi alitazama. Kwa kweli ulikuwa umekaa vibaya. Mstari wa mlangoni ulikaa juu ya maungio, pale marumaru mbili zinapokutana. Huu wa dirishani ulikuwa umekata marumaru yenyewe, umeacha theluthi moja upande huu na theluthi mbili upande ule, kama mtu aliyekata mkate bila kutazama.

"Nani aliuchora?"

"Mimi ndiye mchoraji hapa. Miaka tisa mistari yote naichora mimi. Lakini huu si wangu. Huu wamenichorea jana wao, kwa futi, halafu wakanipa brashi nimalizie. Wakanidharau mchana kweupe."

"Jana?" Loisi aliteremsha miguu kwenye maji. "Na wako ulikuwa wapi?"

"Mahali pake! Pale." Alinyoosha fagio, hatua tatu kubwa kabla ya dirisha. "Tailizi ya ishirini na tano. Miaka tisa nahesabu ishirini na tano, napiga rangi. Yule mzungu aliyejenga ndiye alinionyesha: Methusela, ukitaka mita kumi usihangaike na futi, hesabu tailizi ishirini na tano. Hata walipobandua zile za zamani mwezi wa tano, wakaweka hizi, mimi nikahesabu. Mara mbili nilihesabu. Ishirini na tano."

Loisi alikuwa ameshapiga magoti. Pale fagio lilipoelekea marumaru zilikuwa nyeupe, zimesuguliwa mpaka zinang'aa kuliko nyingine, na zilikuwa bado zinanuka petroli. Lakini kati ya marumaru na marumaru kuna saruji, na saruji inakunywa rangi. Kwenye maungio, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, kulikuwa na uzi mwekundu.

Alivuta futi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye ule uzi ilisoma mita saba na nusu.

"Mzee," alisema, "zile tailizi za zamani zilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kidogo kuliko hizi. Ziko mbili uani, tumewekea ndoo."

Walikwenda uani. Loisi aliondoa ndoo, akapima. Sentimita arobaini. Akarudi ndani akapima moja mpya. Thelathini.

Mzee Methusela alisimama na fagio lake anamtazama usoni. Alianza kuelewa, na alipoelewa alivua ile kofia ya sufu.

"Mwanangu," alisema. "Nilihesabu vizuri."

"Ulihesabu vizuri, mzee."

"Yule mtoto wa Gulwe alipimwa hapa?"

"Alipimwa hapa."

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Loisi alimwomba marumaru moja ya zamani na moja mpya ya akiba, akazitia kwenye mkoba.

*

Abbasi alipatikana chumba cha pili, anamkunja mtoto wa kike mguu juu ya godoro, taratibu, huku mtoto akimtukana kwa Kirangi na yeye akimjibu kwa Kirangi. Alipoona viatu vya polisi vimeshikwa mkononi na miguu imelowa, aliacha.

"Nipe dakika nimfunge kiatu," alisema.

"Mfunge."

Alimfunga, akamwita dada wa zamu amchukue, akafunga mlango.

"Goti halikubadilika, mwendo ukabadilika," alisema Loisi. "Wewe ni mtaalamu. Hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Lini?"

"Juni sikushangaa. Juni nilifurahi. Watoto wote waliongezeka mwendo wiki moja, hata wazee wa kiharusi. Tukasema labda mazoezi mapya yamekubali. Mkuu alialikwa mkoani, akapongezwa. Mwezi wa nane mwanzoni nikawa naandika ripoti, nikaona hakuna goti hata moja lililosogea. Nikasema haiwezekani. Jioni nikapima njia."

"Ukamwambia nani?"

Abbasi alitoa simu. Alitafuta kidogo, akamkabidhi. Ilikuwa picha ya futi ya fundi sakafuni, na ujumbe chini yake: *Mkuu, njia yetu ni mita 7.5 siyo 10. Watoto 11 tumewaruhusu kwa kipimo hiki. Tuwaite.* Jibu lilikuwa fupi: *Nimeona. Wageni wa wizara wanakuja tarehe 20. Subiri waondoke.*

Loisi alihesabu siku kwa vidole. Ujumbe ulitumwa siku tisa kabla ya Denis kufika relini.

"Ukasubiri."

"Nilisubiri."

"Namba za simu za wazazi?"

"Ziko kwenye daftari la mkuu. Kabatini, kwa ufunguo."

"Gulwe kuna mtendaji wa kijiji. Kuna kanisa. Kuna watu. Ungeshindwa kutuma neno?"

Kijana alitazama godoro. "Niliogopa kazi yangu, dada."

"Mimi si dada yako leo." Lakini hakuisema kwa hasira. Hasira inataka nguvu. "Simu hii inabaki kwangu. Vaa viatu, utaandika maelezo."

Bi. Elieth alikuwa ofisini, na kikao hakikuwepo. Alipoona simu ya Abbasi mkononi mwa Loisi alivua miwani.

"Ulisogeza mstari jana," alisema Loisi. "Siku moja baada ya mtoto kufa. Ukauosha ule wa zamani kwa petroli."

"Nilirekebisha kosa, afande. Kosa linarekebishwa."

"Ulilirekebisha sakafuni."

"Ulitaka nifanye nini? Niwaite watu kumi na moja niwaambie hamjapona? Unajua mama anavyolia siku ya kuruhusiwa? Anapiga vigelegele. Anaacha fremu ya kutembelea hapa mlangoni, anasema wapeni wengine. Nikawaambie wachukue fremu zao?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa siku chache tu nisubiri."

"Leta daftari la namba."

"Nipate kwanza ushauri wa..."

"Bi. Elieth. Wamebaki kumi. Leta daftari."

Alileta. Loisi alikaa kwenye meza ya mkuu wa kituo akapiga simu moja baada ya nyingine, na kila aliyepokea alimwambia maneno yale yale: mtoto yuko wapi sasa hivi, nenda kamshike mkono, usimwache atoke nje peke yake, mrudishe Ihumwa apimwe upya. Mmoja hakupokea. Alimpigia mtendaji wa kata, akasubiri kwenye laini huku mtendaji anatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwao, mpaka aliposikia sauti ya mtoto inauliza nani huyo. Basi la saa nane lilikuwa limepita zamani. Alirudi Mpwapwa kwenye gari la vitunguu, Abbasi na Bi. Elieth wamekaa nyuma na polisi wa Ihumwa.

*

Alifika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mkaguzi Geofrey alikuwa na fomu ya mashtaka mbele yake, imejazwa nusu.

Loisi hakueleza mengi. Aliweka mezani marumaru mbili, ya zamani na mpya, moja juu ya nyingine. Akaweka simu. Akaweka kadi ya njano.

"Toka Juni, kila walipoandika mita kumi, afande, alitembea saba na nusu. Sekunde kumi na mbili ni za saba na nusu."

Mkaguzi alichukua kalamu. Alipiga hesabu pembeni mwa fomu, akaipiga tena chini yake.

"Kumi na sita," alisema.

"Kumi na sita. Kama Aprili. Toka hapo mtoto hakuongezeka mwendo hata kidogo."

"Na treni kumi na nne."

"Alikuwa amebakiza hatua mbili. Ndipo tulipomkuta. Hakuna aliyemsimamisha. Alikuwa anakuja kwa mwendo wake wote."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Halafu aliichana ile fomu, siyo kwa kishindo, kama mtu anayechana karatasi ya kuwashia moto, akafungua droo akatoa fomu mpya mbili. Ya kwanza aliandika jina la Elieth.

"Kamtoe," alisema.

Emilia alisikiliza akiwa amesimama. Loisi alimweleza polepole: tailizi, mstari, petroli, ujumbe wa simu. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Emilia aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo sikuhesabu haraka?"

"Unasemaje?"

"Nilipofika kumi na mbili alikuwa bado yuko katikati. Nikasema nimehesabu haraka, nimekosea mimi. Nikaendelea. Kumi na tatu mtama. Nikasema sasa hivi anatoka. Badala ya kutupa ndoo, mimi nikaendelea kuhesabu."

"Hukuhesabu haraka, mama Denis. Hesabu yako ilikuwa sawa."

Emilia alitikisa kichwa, na Loisi hakujua kama ni kukubali. Alikunjua ile kanga ya mapajani, akajitanda kichwani. Joel alikuwa nje, amesimama na baiskeli ya kuazima. Walisalimiana kama watu wa msibani, wakaondoka kwa miguu, baiskeli katikati yao.

Loisi alirudi mezani, akachana karatasi nne za daftari la mistari, akaandika kitu kimoja mara nne ili kipelekwe Gulwe, Chamwino, Ihumwa na kwenye mlango wa Kituo cha Hatua. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa watu wanaosoma kwa shida.

YA KUEPUKA KWA MZAZI MWENYE MTOTO WA MAZOEZI

Usikubali mtoto aruhusiwe kwa namba moja. Uliza na goti, uliza na mguu, uliza anachoka baada ya hatua ngapi.

Namba moja ikiruka na nyingine zimekaa pale pale, usishangilie. Omba apimwe tena siku nyingine, na mtu mwingine.

Usione haya kusema njia ipimwe kwa futi mbele ya macho yako.

Usirudishe fremu siku ile ile ya kuruhusiwa. Kaa nayo mwezi.

Usifananishe sakafu ya kituo na njia ya kwenu. Kwenu kuna mawe, mchanga na ng'ombe.

Usimfanyishe mazoezi barabarani wala relini.

Usivuke kwanza ukamwacha mtoto nyuma. Weka mzigo chini, mpitishe yeye, rudi uchukue mzigo.

Ukifanya kazi kituoni ukaona kosa, usisubiri wageni waondoke.

Usivuke reli honi ikishalia, hata kama treni bado unaiona ndogo.